GREDI: NENO MOJA, NGAZI NYINGI

Hotuba ya Kamati ya Elimu ya Ushirika, iliyosomwa mbele ya wanachama na maofisa huko Usinge katika sherehe ya miaka 10 ya Chama Kikuu



Tumepewa heshima ya kusema maneno machache katika siku hii kubwa. Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kusifu kazi ya miaka 10, nasi hatuna la kuongeza katika sifa hizo. Sisi wa Kamati ya Elimu tumechagua kusema habari za neno moja tu. Huenda mtu akastaajabu na kuuliza: Je, katika siku ya furaha namna hii, watu wazima watakaaje kusikiliza habari za neno moja? Twaomba mtuvumilie kidogo, kwani neno hilo limekwisha kutugharimu fedha, na waliolipa ni baadhi yenu mlioketi hapa.

Neno lenyewe ni gredi. Asili yake ni Kiingereza, nalo limeingia katika vinywa vyetu kama vile yalivyoingia maneno reli, stesheni na karani. Hakuna mkulima wa tumbaku katika nchi hii ya Usinge, Kaliua na Urambo asiyelitamka. Lakini kulitamka neno ni jambo moja, na kujua linasema nini ni jambo jingine.

Kwanza hatuna budi kuungama kosa letu. Katika miaka ya mwanzo ya Chama chetu, baadhi yetu tulikuwa makarani katika ofisi ya chama kimoja cha msingi. Siku moja tuliletewa habari kwamba mishahara ya makarani imepangwa upya, na kwamba kila karani atawekwa katika cheo chake kwa kadiri ya elimu na miaka ya kazi. Tulifurahi, tukachukua karatasi, tukaandika kwa herufi kubwa: GREDI MPYA ZITAANZA KUTUMIKA MWEZI UJAO. Karatasi hiyo tukaibandika kwenye mlango wa ghala, kwa kuwa ndipo palipokuwa na kivuli na ndipo makarani walipokutana.

Ndugu zetu, ni nani apitaye kwenye mlango wa ghala wakati wa soko? Ni mkulima. Naye mkulima aliposoma maneno hayo hakufikiri habari za mishahara ya makarani. Alifikiri habari za majani yake. Habari ikaenea kutoka kijiji hata kijiji kwamba gredi za tumbaku zitabadilishwa, na kwamba mwenye busara asubiri. Watu wengi wakayazuia marobota yao nyumbani. Soko likafungwa. Soko lililofuata lilichelewa, na mvua za kwanza zikaanza kunyesha kabla ya tumbaku ile kupimwa. Majani yakanyonya unyevu, mengine yakashika ukungu. Yaliyokuwa mazuri yakauzwa kwa bei ya majani mabaya, na mengine yakatupwa.

Mama mmoja mjane alikuja ofisini, akaketi, akatutazama kwa muda bila kusema. Kisha akasema: “Wanangu, ninyi mliandika neno moja, nami nimelilipa kwa marobota matatu.” Hakutukana wala hakupiga kelele. Akaondoka. Tangu siku hiyo tulianza kulichungua neno hili, na haya tuwaambiayo leo ndiyo tuliyoyapata.

Neno hili Waingereza walilipata katika lugha ya Kilatini, ambamo neno gradus maana yake ni hatua, au kidato cha ngazi, pale mguu unapokanyaga. Sasa tazameni ajabu. Waswahili walikuwa na neno lao tangu zamani, walilolipata kwa Waarabu, nalo ni daraja. Na neno hilo katika Kiarabu asili yake ni kidato cha ngazi vile vile! Basi mataifa mawili yaliyokuwa mbali, walipotaka kueleza kwamba kitu kimoja ni bora kuliko kingine, wote walifikiri habari za mtu apandaye ngazi. Nasi Waswahili twasema daraja pia kwa kile kitu tunachovukia mto, na daraja la kwanza, la pili na la tatu kwa behewa la gari moshi. Kwa hiyo tusiwacheke Waingereza kwamba neno lao lina maana nyingi. Letu nalo ni hivyo hivyo.

Taabu haiko katika wingi wa maana. Taabu ni kwamba ngazi ni nyingi, na kila kazi imesimamisha ngazi yake mahali pake. Ngazi moja huhesabiwa kutoka juu kushuka, nyingine kutoka chini kupanda. Mtu asiyejua anasimama kwenye ngazi ipi hawezi kujua kama amepanda au ameshuka. Natutoe mifano.

Katika tumbaku, mnajua kwamba jani huchambuliwa kwa mambo matatu: mahali lilipokaa katika shina, yaani chini, katikati au juu, ubora wake, na rangi yake. Mambo hayo huandikwa kwa herufi na namba. Hapa namba 1 ndiyo bora, na kadiri namba inavyokua ndivyo ubora unavyopungua. Ngazi hii huhesabiwa kutoka juu.

Lakini mtazameni mtoto wa shule. Mtoto wa darasa la 1 ndiye mdogo, na wa darasa la 7 amewapita. Huko Marekani darasa lenyewe huitwa kwa neno hili hili la gredi, na mtoto wa gredi ya kwanza ndiye anayeanza kujifunza kusoma. Kumbe gredi ya kwanza katika ghala ni fahari, na gredi ya kwanza katika shule ya Marekani ni mwanzo tu. Na mtoto huyo huyo wa kwetu akifika mtihani wa kidato cha nne, ngazi hugeuzwa tena: kila somo hupewa herufi, A ikiwa ya juu, na mtihani wote hupewa daraja, la kwanza likiwa bora na la nne likiwa chini yake. Mzazi aliyezoea kuhesabu madarasa akisikia mwanawe amepata daraja la nne, yamkini akachinja kuku kwa furaha!

Mwendeeni mwashi anayejenga ghala au bani. Juu ya mfuko wa saruji kumeandikwa 32.5 au 42.5. Hiyo nayo ni gredi, nayo hutaja nguvu ambayo saruji inapaswa kuifikia baada ya siku 28. Hapa namba kubwa ndiyo yenye nguvu zaidi. Mkulima akidhani kwamba saruji ni kama tumbaku, atachagua namba ndogo kwa nguzo zinazobeba mzigo mzito, naye atakuwa amekosea. Na fundi seremala akinunua msasa, namba ndogo ni wa kukwaruza na namba kubwa ni wa kulainisha. Hapo hakuna ulio bora wala ulio duni: kila mmoja una kazi yake na wakati wake.

Hospitalini pia neno hili lipo. Daktari akipima kipande cha uvimbe wa saratani hukipa gredi kwa kutazama chembe zake. Gredi ya 1 maana yake ni kwamba chembe hizo bado zinafanana na chembe za mwili wenye afya, na gredi ya 3 ni kwamba zimekwisha kuwa tofauti sana, na aghalabu ugonjwa wa namna hiyo hukimbia upesi. Basi kwa mgonjwa, gredi ya chini ndiyo habari njema. Mtu asiyeelezwa aweza kutoka kwa daktari akilia pale anapopaswa kumshukuru Mungu, au akicheka pale anapopaswa kuharakisha matibabu.

Wafugaji wa Kenya nao husema ng'ombe wa gredi, na kwao ni neno la sifa, kwani ng'ombe huyo hutoa maziwa mengi kuliko ng'ombe wa asili. Lakini katika vitabu vya Waingereza vya ufugaji, ng'ombe wa gredi ni yule ambaye si wa ukoo safi ulioandikwa katika daftari la nasaba. Ni chotara anayesogezwa kizazi kwa kizazi: nusu, robo tatu, na kuendelea. Neno ni moja, mnyama ni mmoja, lakini huku ni sifa na huko ni kumwambia kwamba hajafika juu.

Waliojenga reli yetu nao walikuwa na gredi yao. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 ikafika Kigoma, ikipita katika nchi hii yetu. Kwa mhandisi wa reli, gredi ni mwinuko wa njia: njia ikipanda mita 1 katika kila mita 100, mwinuko huo ni asilimia 1. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza upesi, kwa hiyo gari lenye mzigo halipendi kilima. Ndiyo sababu wajenzi wa reli huzunguka vilima, hukata udongo mahali pengine na kuujaza mahali pengine. Kwa mhandisi huyo, gredi iliyo bora ni ile iliyo karibu na sifuri. Na ile mashine inayokwangua barabara zetu baada ya masika twaiita greda kwa asili hiyo hiyo: kazi yake ni kuipa njia mwinuko unaofaa, ili maji yateremke pembeni na magari yapite.

Hata kipimajoto kilichotundikwa ndani ya bani kina neno hili. Zamani vipimo vyake viliitwa sentigredi, maana yake vidato mia, tangu maji yanapoganda hata yanapochemka. Tangu mwaka 1948 jina rasmi ni Celsius, kwa heshima ya Anders Celsius, mtaalamu wa Uswidi, aliyetoa kipimo chake mwaka 1742. Nanyi mtacheka mkisikia kwamba Celsius mwenyewe alianza kwa kuihesabu ngazi hiyo kinyume: sifuri ilikuwa maji yanayochemka, na mia ilikuwa maji yanayoganda. Waliokuja baadaye wakaigeuza. Ikiwa mtaalamu mkubwa kama yule aliweza kuisimamisha ngazi kichwa chini, mkulima wa Usinge asione haya kuuliza ngazi inaanzia wapi.

Na hapa katika bani, ndugu zetu, ngazi mbili hukutana. Mkulima wa tumbaku ya mvuke ajua kwamba moto haupandishwi kwa pupa. Kwanza jani hukaa katika nyuzi 35 hadi 38 au karibu na hapo, mpaka ligeuke manjano. Kisha joto hupandishwa kidogo kidogo hata kupita nyuzi 50, ili jani likauke. Mwisho hupandishwa karibu na nyuzi 70, ili mshipa wa kati ukauke. Mwenye pupa akiruka vidato vya mwanzo, jani hukaukia katika ukijani wake. Akipandisha moto jani lingali na maji mengi, huungua na kuwa jeusi. Basi anayeruka vidato vya joto hushushwa vidato vya soko. Gredi anayoisoma mteuzi ghalani mwezi wa sita iliandikwa ndani ya bani miezi kadhaa nyuma, na mwandishi wake alikuwa yule aliyekesha akichochea kuni, au aliyelala usingizi.

Sasa tuseme habari za kale kidogo, kwa sababu jambo hili la kupangwa madaraja halikuanza na tumbaku. Nchi hii ilikuwa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hata Ujiji. Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri, nao walikuwa na madaraja yao safarini: kiongozi akitangulia mbele na bendera, wanyapara wakisimamia watu, na mpagazi akibeba mzigo wake wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Walibeba nguo na shanga kwenda bara, na pembe za ndovu kwenda pwani. Pembe hizo zilipofika Unguja, wafanya biashara walizichambua kwa ukubwa wake na kwa soko lake. Zilizo kubwa ziliitwa Bab Ulaya, kwa kuwa zilikwenda Ulaya. Ndogo kuliko hizo ziliitwa Bab Kachi, kwa kuwa zilikwenda Kachi katika Bara Hindi. Mpagazi aliyeichukua pembe begani kwa miezi mingi hakuwapo meza ilipowekwa. Daraja la pembe ile lilipangwa mbali na macho yake, kwa maneno asiyoyajua, na faida iliyotokana na daraja hilo haikumfikia.

Kwa nini tumeyakumbuka haya? Kwa sababu tukiulizwa ushirika ni kitu gani, jibu moja lililo kweli ni hili: ushirika ni kumleta mwenye mali karibu na meza ya uchambuzi, aone, asikie, na aelewe. Ikiwa mkulima yupo ghalani, marobota yake yako mbele yake, mteuzi anataja gredi, karani anaandika, na mkulima haelewi lililotajwa, basi hajapita hatua moja mbele ya mpagazi wa zamani. Tofauti ni kwamba yule hakuwapo, na huyu yupo lakini ni kama hayupo.

Tena jambo hili si la heshima peke yake. Ni la mfuko. Tuchukue mfano, nao ni wa kujifunzia tu, si bei ya soko la mwaka wowote. Robota la kilo 50 likiuzwa kwa dola 2 kila kilo, mkulima hupata dola 100. Robota hilo hilo likishuka gredi na kuuzwa kwa dola 1 na senti 50, hupata dola 75. Hasara ni dola 25 kwa robota moja. Mwenye marobota 5 amepoteza dola 125, hali jembe lilikuwa lile lile, mbolea ile ile, na deni la pembejeo liko pale pale likimsubiri. Deni halina gredi, ndugu zetu. Hukatwa lote.

Lakini kuna hasara nyingine isiyoandikwa katika daftari. Tumewahi kumsikia mzee mmoja akisema kwa huzuni, “Mwaka huu wameniweka gredi ya nne.” La, baba! Hakuna aliyekuweka wewe. Lililowekwa ni jani. Mtu hana gredi katika chama cha ushirika. Mwenye marobota 100 ana kura 1 katika mkutano mkuu, na mwenye robota 1 ana kura 1. Karani ana cheo chake cha mshahara, na mwalimu ana daraja lake la cheti, lakini hayo ni madaraja ya kazi na ya ujuzi, si ya utu. Ofisa atakayemsemesha mkulima kana kwamba gredi ya jani ni gredi ya mwenye jani, amevunja mwiko wa kwanza wa ushirika.

Basi twaleta mashauri manne kwa mkutano huu, nayo hayana gharama.

La kwanza: ofisi yoyote ya Chama isiandike tena neno gredi peke yake. Iandikwe gredi ya tumbaku, au cheo cha mshahara, au daraja la mtihani, au mwinuko wa barabara. Lugha yetu ina maneno ya kutosha: daraja, cheo, ngazi, ubora, kiwango, mwinuko. Tuyatumie kila moja mahali pake.

La pili: kila mwanachama asikiapo neno hili aulize maswali matatu. Ni gredi ya kitu gani? Nani ameipanga? Na ngazi yake huhesabiwa kutoka juu au kutoka chini? Akijibiwa hayo, amekwisha kuelewa nusu ya jambo.

La tatu: kabla ya masoko kufunguliwa, kila chama cha msingi kitundike ghalani mifano ya majani yenyewe, kila jani na gredi yake, na maelezo kwa Kiswahili chepesi. Macho hujifunza upesi kuliko masikio.

La nne: mkulima ambaye robota lake limeshushwa aelezwe sababu papo hapo. Ni rangi? Ni unyevu? Ni majani yaliyochanganywa? Anayeambiwa sababu mwaka huu atarekebisha bani lake mwaka ujao. Asiyeambiwa atarudi na kosa lile lile, na hasara itakuwa yake na ya Chama pia.

Wazee wetu husema, asiyejua maana haambiwi maana. Twaiheshimu methali hiyo katika mambo ya mafumbo na nyimbo. Lakini katika chama cha ushirika hatuwezi kuifuata. Hapa, asiyejua maana ndiye hasa wa kuambiwa maana, tena aambiwe kwanza, kwa sababu ghala ni lake, karatasi iliyobandikwa mlangoni imenunuliwa kwa fedha zake, na sisi tulioibandika twalipwa kwa jasho lake.

Yule mama mjane tuliyemtaja bado ni mwanachama, na mwaka huu ameleta tumbaku yake kama kawaida. Tulipomwambia kwamba tutalisema jambo lake leo, alijibu, “Lisemeni, ila safari hii lisemeni lote.” Twatumaini tumelisema lote. Wazee walisema pia, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Sisi tulijikwaa kwa kalamu, na wenzetu ndio waliotoka damu. Miaka 10 inayokuja na isitukute tena tumejikwaa pale pale.